Heko kwa Wakufunzi wa Waandaa Masomo

Mfumo mpya wa kompyuta ukiingia ofisini, sifa zote huenda kwa waliouunda. Mimi nawapongeza wanaomfundisha mhasibu au mtunza stoo kuwaandalia wenzake masomo ya mfumo huo. Zana zipo: SAP Enable Now, kwa mfano, hurekodi hatua mara moja ikatoa onyesho, zoezi na jaribio. Ugumu uko kwenye maneno. Mhasibu anaandika “Bofya Hifadhi”. Mkufunzi anamuuliza, je, ankara ikigoma? Basi anaongeza: kagua tarehe, kagua namba ya agizo la ununuzi. Kisha karani mgeni anapewa somo alijaribu, mkufunzi kimya nyuma yake. Anapokwama ndipo panapoandikwa upya. Na zile picha za skrini, Mungu awape waandaaji subira, hupigwa tena kila toleo jipya likibadilisha vitufe.