Mtoto wa Rehani na Mtu wa Dunda

Haya wasomaji wenzangu, zamu hii nina vitabu vitatu mkononi, kimoja kipya na viwili vya fotokopi. Kipya ni Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyofasiriwa na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam, mwaka 2022. Nilikinunua mjini, nikaanza kukisoma kwenye daladala kabla hatujafika Bunju, na tangu kiingie Bagamoyo hakijalala kwangu siku mbili mfululizo. Kijiweni tuko watano, daftari la zamu lipo, na ugomvi wa zamu upo pia. Fotokopi ni Safari za Wasuaheli ya mwaka 1901 na Desturi za Wasuaheli ya 1903, zote mbili zilichapwa Göttingen, Ujerumani. Hizo hakuna anayezigombea. Ndiyo maana naziandikia, kwa sababu mimi naona anayesoma Peponi bila hizo mbili amesoma nusu.

Tuanze na hicho kinachogombewa. Kwa Kiingereza kilitoka mwaka 1994, kikaingia kwenye orodha ya mwisho ya tuzo ya Booker mwaka huohuo. Gurnah, mzaliwa wa Unguja, akapata Nobeli mwaka 2021, na mwaka uliofuata ndipo riwaya ikafika kwetu kwa lugha yetu. Miaka 28! Mtoto aliyezaliwa mwaka kilipotoka alikuwa keshaoa.

Kisa chenyewe: Yusufu, mtoto wa miaka kumi na miwili, baba yake ana hoteli katika mji mdogo wa reli. Tajiri Aziz hupita pale na misafara yake, humpa mtoto senti, mtoto humpenda. Siku moja anaambiwa afuatane naye hadi pwani. Kule dukani anakutana na Khalil, kijana mwenye ulimi mrefu, na huyo ndiye anayemfumbua macho: huyu hakuhusu ndewe wala sikio, baba yako ana deni lake, wewe ni rehani. Mengine someni wenyewe.

Sasa hapa ndipo Kiswahili kinapoleta jambo. Kwa Kiingereza neno ni moja tu kwa ami, mjomba na kila mtu mzima anayestahili adabu, na Mwingereza akilisikia anadhani ni ndugu kweli, halafu anashangaa pamoja na Yusufu. Sisi hatuna haki ya kushangaa. Nani hapa pwani hajamwita ami au mjomba mtu asiye na damu naye? Tumefundishwa hivyo, usipofanya hivyo unaitwa huna adabu. Kwa hiyo mtego aliotegewa Yusufu umesukwa kwa heshima yetu ileile, na ukisoma kwa lugha ya nyumbani unajikuta uko ndani yake tangu ukurasa wa kwanza. Mimi nilisoma hiki kitabu kwa Kiingereza kabla, nikakiona kizuri. Safari hii kilinikera, na nakisifu kwa kunikera.

Mshikaji mmoja, mwanafunzi wa maigizo, amekirudisha na malalamiko: eti Yusufu hafanyi kitu, anabebwa tu, jukwaani angelala. Ni kweli anabebwa. Rehani haina miguu, bwana. Mimi lawama yangu ni nyingine. Mke wa Aziz na yule Amina wanakaa nyuma ya ukuta muda mrefu mno, na wanapoanza kusema, kurasa zinakaribia kwisha. Amina ana kisa kizito kuliko cha Yusufu, tena tunakipata kwa haraka.

Hizo fotokopi sasa. Desturi za Wasuaheli ilitoka na jina la Dk. Carl Velten juu yake, kama mkusanyaji. Aliyeandika sehemu kubwa ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda, hapahapa Bagamoyo, jina ambalo leo ni la kata. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili. Alioa Mjerumani, na alipojaribu kurudi pwani na mkewe mwaka 1905, serikali ya kikoloni ikawazuia kushuka. Akarudi Ulaya, akafia Berlin mwaka 1927. Jina lake liliwekwa mahali pake, kama mwandishi, mwaka 1981, katika tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen. Kwa nathari ya Kiswahili huyu ni babu yetu, na mimi sijawahi kumwona kwenye rafu ya duka lolote.

Wenzangu wanasema ni kitabu cha kuwaeleza Wazungu mila. Asili yake ndiyo hiyo, sikatai. Lakini sikilizeni sauti. Mtoro anaeleza harusi, ngoma, pepo, malezi, halafu anaeleza watumwa, wazalia na wageni, kwa utulivu uleule, kama mwenyeji anayemwonyesha mgeni vyumba vya nyumba. Hapandishi sauti hata kidogo. Unapomaliza sura hiyo unaanza kujiuliza: yule mtumwa mwenyewe angeandika nini? Mtoro hakuulizwa swali hilo. Gurnah amejiuliza mwenyewe, akampa mtoto wa rehani nafasi ya kutazama.

Safari za Wasuaheli ni hivyohivyo. Mle yumo Selemani bin Mwenye Chande anayesimulia safari yake ya bara, na wahakiki wamekwisha kuonyesha kuwa msafara wa Aziz una undugu na masimulizi hayo. Selemani anasimulia kama mfanyabiashara: mali, hongo, hasara, machifu. Peponi inapita njia za namna hiyohiyo, ila sasa tunaona kwa macho ya asiye na mali wala faida. Ukisoma hizo mbili kwa pamoja unaona kazi ya mtunzi ilivyofanyika. Nyie mnaotaka kuandika riwaya, somo la namna hii hampewi darasani. Na sentensi za Selemani ni fupi, kavu, zinakwenda kwa mguu kama wapagazi. Mimi nazinakili kwa mkono usiku kufanyia mazoezi.

Kwa sasa Peponi kiko Kaole, zamu ya nne, na aliye nacho nasikia anakisoma mara ya pili, ambayo ni kinyume cha daftari. Fotokopi ziko kwangu, zimekaa tu. Anayezitaka aje na chochote, ila natafuta hasa Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, wa Hemed bin Abdallah. Nataka kuona ile vita ya 1888, Pangani na Saadani, inavyosemwa na mtu wa pwani kwa mizani. Hata kama jalada limechanika, nitapokea.