Hisani ya Laxenburg

Katika kasri la Laxenburg, karibu na Vienna, ambamo zamani wafalme wa Austria walikuwa wakipumzika, imo taasisi ya utafiti iitwayo IIASA, iliyoasisiwa mwaka 1972 na mataifa ya Magharibi na Mashariki, Marekani na Umoja wa Kisovieti zikiwamo ilhali zilikuwa mahasimu, na ambayo tangu 1977 huwakaribisha vijana wanaosomea shahada ya uzamivu, wakakaa miezi mitatu ya kiangazi, kila mmoja akiwa na mlezi wake wa kielimu. Fedha hutolewa pengi. Mlezi wa kubishana naye kwa adabu ndiye adimu.

Nawasifu hasa mabingwa wa taasisi hiyo wa idadi ya watu, ambao hawakuridhika kuhesabu vichwa (kazi ambayo karani yeyote aiweza), bali walitia katika hesabu umri, jinsia na elimu, kwa kuwa elimu ya mwanamke hubadili idadi ya wanawe, na pia hubadili jinsi nyumba yake iikabilivyo gharika. Na makadirio hayo leo yamo katika mielekeo mitano ya mustakabali watumiayo wanazuoni wa tabianchi. Lakini, nikirudi kwa vijana wale wa kiangazi, gharama za wengi wao hulipwa na nchi wanachama wa taasisi, na wasio wa nchi hizo mlango wao ni mwembamba.