Gofu, Mahame, na Makaburi ya Kunduchi

Walimu wenzetu wa Dar es Salaam hupenda kuwapeleka watoto Kunduchi, katika wilaya ya Kinondoni, kama kilometa 20 kaskazini ya mji, wakayaone yale ambayo wote huyaita "magofu". Safari ni njema; neno ndilo tunalolitilia shaka.

Gofu ni nyumba iliyoanguka paa, kuta zingaliko, mwenyewe hayupo. Mahame ni mahali palipohamwa na watu. Basi msikiti wa Kunduchi, ambao wataalamu huuhesabu kuwa wa karne ya 15 au ya 16, umebomoka kweli. Huo na uitwe gofu, hatuna ugomvi. Lakini sehemu kubwa ya mabaki yale ni makaburi ya karne ya 18 na ya 19, yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na mengine yana nguzo ndefu zilizopachikwa mabakuli ya China. Je, kaburi laweza kuwa gofu? Mwenyewe yumo ndani. Wala Kunduchi si mahame, maana wavuvi wakaa pale hata leo.

Hatusemi haya kwa kupenda kuchambua maneno tu. Kitu kisicho na mwenyewe huokotwa. Pita kati ya nguzo zile, utaona matundu ya duara ambamo mabakuli yamebanduliwa. Sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964 yalinda majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Walakini sheria haikeshi makaburini.

Tena liko la pili, nalo ni zito zaidi. Tuliwauliza wanafunzi wetu ni nani waliojenga pale, wakajibu kwa sauti moja: Waarabu. Hatukuwalaumu, kwa kuwa nasi tulifundishwa vivyo hivyo, na wataalamu wa zamani walidhani hivyo. Lakini makaburi ya nguzo ni desturi ya pwani hii yetu, tangu Somalia kushuka kusini. Arabuni si desturi yao. Waliozikwa walikuwa Waislamu, na huenda wengine walikuwa na babu wa ng'ambo, ila ufundi ni wa Waswahili. Na mtoto wa Kunduchi akiambiwa kwamba habari za Dar es Salaam zaanza na Sultani Majid wa Unguja, katika miaka ya 1860, atayaweka wapi makaburi yaliyokuwa yamekwisha kuzeeka siku ile?

Sisi tumeanza kusema "makaburi ya Kunduchi na msikiti wake wa kale". Ni maneno mengi, na ubaoni hula nafasi. Siku ya kwanza tulipoyaandika, mwanafunzi mmoja aliuliza mara: "Makaburi ya nani?" Miaka yote tuliyoandika "magofu", hakuna aliyeuliza hivyo.