Mwana Kupona na Kelele za Nyumbani

Waandishi chipukizi tukikutana, wimbo wetu ni mmoja: familia inaua kalamu. Mimi mwenyewe nimeuimba sana. Chumba kimoja, mtoto wa miezi saba, jiko la mkaa mlangoni, utaandika nini hapo bwana?

Juzi nikaurudia Utendi wa Mwana Kupona, wa mwaka 1858. Wazee wanausifu: tazameni adabu ya mke! Vijana tunauponda: huo si utumwa? Wote tunakimbilia mafundisho ya ndoa, tunaruka mwanzo wake. Pale mwanzoni mama huyu wa Pate, akiwa mgonjwa, anamwita bintiye, Mwana Hashima, aje karibu na wino na karatasi. Yaani utendi unaanza na kazi ya kuandika, mtoto yuko ubavuni. Mama hakungoja nyumba itulie.

Nilitaka niishie hapo, niwaambie jamani acheni visingizio. Lakini beti za mbele zilinikatalia. Mume akilala, apepewe. Akisinzia, mke asipaze sauti wala asiinuke, akae papo hapo ili mume akiamka asimtafute. Nikajiuliza: kwa siku ya namna hiyo, Mwana Hashima ataandika saa ngapi? Mama anamwita binti kwenye karatasi, halafu anamfundisha maisha yasiyo na nafasi ya karatasi. Tena Mwana Kupona alikuwa mjane. Mumewe, Bwana Mataka wa Siu, alikuwa amefariki mwaka 1856. Alipoandika hakuwa na mume wa kumpepea. Kwa maoni yangu, mgongano huo ndio unaoupa utendi huu uhai, na sisi wahakiki tunaupita tu.

Sasa nirudi chumbani kwangu. Mwezi uliopita nilimaliza hadithi fupi, nikajisifu kwamba nimezishinda kelele. Kumbe sikushinda kitu. Usiku ule mke wangu alikaa barazani na mtoto mgongoni mpaka saa sita, mbu wanamla, ili mimi nipate kimya. Na hadithi yenyewe inahusu mama mvumilivu! Nikiihakiki kama ninavyozihakiki za wenzangu, ina kasoro moja kubwa: yule mama hachoki hata mara moja. Ningejulia wapi? Nilikuwa nimefunga mlango.

Siku hizi tunapokezana. Jioni moja mtoto wangu, jioni ya pili wake. Naandika kidogo kuliko zamani, siwadanganyi. Mwenzangu naye kanunua daftari. Anaandika nini sijui, hanionyeshi. Ile hadithi naianza upya, na safari hii mama ananuna.

Basi ndugu msomaji, ukimaliza kazi yako usikague vina na mizani tu. Jiulize pia: wakati unaandika, mtoto alikuwa na nani?