Mtazame Akiibuka

Ukialikwa bwawani kuwatazama vijana wawili wanaovuka mita 50 chini ya maji kwa pumzi moja, usiwapime kwa mita. Subiri waibuke. Wa kwanza anashika ukingo, anavuta hewa, anaizuia kidogo, anaachia kiasi tu, anavuta tena. Midomo haijabadilika rangi, na macho yanamtafuta mwenzake. Wa pili anatoka kwa kishindo, anapuliza hewa yote nje kama anayezima kibatari. Kichwa kinatikisika, midomo imeiva ubuluu. Wamevuka umbali uleule, lakini mzamiaji hapo ni mmoja.

Ile pumzi ya kwanza ina uzito wake. Oksijeni mpya huchukua sekunde kadhaa kutoka mapafuni hadi kwenye ubongo, na katika kipindi hicho mtu anaishi kwa akiba iliyobaki. Akiipuliza yote, anaweza kuzirai kichwa kikiwa tayari juu ya maji. Ndiyo maana katika mashindano ya AIDA, shirika lililoanzishwa mwaka 1992, kuibuka peke yake hakutoshi: ndani ya sekunde 15 mzamiaji lazima avue kilichomfunika uso, aonyeshe ishara na atamke kwamba yuko salama. Mfaransa Stéphane Mifsud alipokaa dakika 11 na sekunde 35 bila kupumua mwaka 2009, naye ilimbidi amalize hivyo hivyo.

Mwangalie pia kabla hajazama. Anayehema haraka haraka kwa nguvu, eti anajaza hewa, bado hajafundishika. Damu yake ilikuwa imeshashiba oksijeni tangu mwanzo. Anachofanya ni kufukuza kaboni dayoksaidi, na hiyo ndiyo inayoubana mwili udai pumzi. Akishainyamazisha, oksijeni itaisha bila yeye kuhisi dhiki yoyote, na atazirai kwenye maji yanayomfika kifuani. Anayejua kazi hupumua polepole kama aliyelala, kisha anavuta pumzi moja kamili na kwenda.

Na mwenzake yuko wapi? Kwangu mimi hapa ndipo ubora wote wa zoezi ulipo. Niliwahi kukuta bwawani kijana amelaza uso majini, dakika ya tatu inakwenda, na aliyepaswa kumlinda amekaa ukingoni na simu mkononi. Nilisimamisha zoezi palepale. Mlinzi mzuri yumo ndani ya maji, karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono, na kazi yake ni hiyo moja. Kwa muda waliopatana anamgusa bega, naye anainua kidole. Kidole kisipoinuka, anamgusa mara ya pili. Kimya tena, anamgeuza papo hapo, uso nje, miwani inavuliwa, anampulizia usoni na kumwita kwa jina. Asiporudisha pumzi, anapuliziwa kinywani na msaada unaitwa. Asiye na mlinzi wa namna hiyo asizuie pumzi siku hiyo, hata kama ameogelea miaka ishirini.

Vifaa ni rahisi zaidi kuvihukumu. Miwani ya kuzamia ibandike usoni bila kufunga mkanda, vuta hewa kidogo kwa pua, kisha achia mikono. Ikining'inia hapo, ni yako. Ikianguka, iache dukani, kwa sababu kukaza mkanda hukunja silikoni na kufungua njia ya maji. Sharti ifunike pua: ukishuka, maji huikandamiza usoni, na dawa yake ni kupuliza kidogo kwa pua. Miwani midogo ya kuogelea haina nafasi hiyo, hivyo hufyonza macho. Miwani mipya ina utando kwenye kioo unaoleta ukungu. Sugua kwa ndani na dawa ya meno nyeupe, suuza, kisha ijaribu upande wa kina kifupi.

Mapezi yapime kwa kuhesabu mapigo. Vuka mita 25 kwa mwendo uleule, mara kadhaa, pezi moja baada ya jingine. Linalokufikisha kwa mapigo machache bila kukamata misuli ya kigimbi ndilo lako, liwe refu au fupi.

Mkanda wa uzito wa risasi uwe na bizimu inayofunguka kwa mkono mmoja, macho yakiwa yamefumbwa. Jaribu hivyo mara kumi. Uzito nao usiuhamishe bwawani kwenda baharini bila kufikiri. Maji ya bahari ni mazito kwa takriban asilimia 2.5, kwa hiyo mwili na suti vinavyochukua nafasi ya lita 80 vitasukumwa juu kwa kilo 2 zaidi. Lakini usiziongeze zote kwa mkupuo, maana kadiri unavyoshuka mapafu na suti husinyaa nawe unazidi kuzama. Ongeza kilo moja, toa pumzi ukiwa juu ya maji, na uangalie kama kichwa bado kinaelea.