Aliyebeba Mzigo Yuko Wapi?

Wenzangu mnaoandika, hebu tuambiane ukweli. Hadithi zetu za "nyumba ya Mjerumani" zimekuwa mapacha. Vijana watatu, tochi moja, popo wanaruka, mzuka wa bwana mkubwa unapita sebuleni, na chini ya sakafu kuna sanduku la rupia. Basi, imekwisha. Eti hiyo ndiyo historia!

Nauliza: ukiiweka nyumba hiyo Kilosa, au juu kule Vidunda, vita yenyewe iko wapi? Agosti 1916 jeshi la Jenerali van Deventer, upande wa Waingereza, liliingia Kilosa. Septemba likafika Kidodi, chini ya milima ya Vidunda, Wajerumani wakirudi nyuma kuelekea kusini. Mbung'o waliwaua farasi na ng'ombe, kwa hiyo pande zote mbili zilitegemea vichwa na mabega ya wapagazi. Watu hao walikufa kwa maelfu, wengi kwa njaa na maradhi. Mnara wa Askari pale Dar es Salaam, wa mwaka 1927, uliwakumbuka kwa jumla, bila jina hata moja. Sisi hata kwa jumla hatuwataji. Tunachimba rupia tu.

Someni Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994, iliyofasiriwa na Ida Hadjivayanis mwaka 2022. Mwishoni askari wa Mjerumani wanapita wakikamata wanaume. Wakishaondoka, Yusuf anakwenda pale walipopiga kambi. Anakuta nini, hazina? Thubutu! Anakuta mavi, na mbwa wanayala. Halafu kijana huyo anawakimbilia haohao askari. Kwa nini? Swali hilo limenikosesha usingizi kuliko mizuka yote niliyowahi kuisoma kwenye hadithi zetu.

Sisemi tuache kutisha watu. Nasema yule mzuka wa Kijerumani tumeshamchoka, na anatuonyesha nyumba kwa macho ya mwenye nyumba. Mgeuze msomaji, asimame nje, pamoja na mtu aliyefika mlangoni na mzigo kichwani, asiambiwe hata karibu. Anaitwa nani? Alikamatwa kijiji gani? Nyumbani nani anamsubiri?

Atakayeiandika hiyo ailete. Nitaisoma usiku huohuo, hata kama umeme umekatika.