Kalenda Isiyojua Jumatatu

Faili la data za Kiswahili katika CLDR, yaani hazina ambamo programu huchota majina ya siku, alama za fedha na mpangilio wa tarakimu za kila lugha, chini ya usimamizi wa Unicode Consortium, lina kosa lisiloelezeka mahali ambapo mtumiaji wa Bagamoyo hutazama kila afunguapo kalenda. Majina ya siku katika umbo finyu, ile herufi moja inayokaa juu ya safu ya tarehe, yamewekwa S, M, T, W, T, F, S, ambazo ni herufi za mwanzo za siku za Kiingereza.

Ni kweli kwamba siku tano huanza kwa J, hivyo herufi ya kwanza haitoshi. Lakini hesabu imo ndani ya majina yenyewe, na matoleo ya awali ya faili hilohilo yaliifuata kwa 2, 3, 4, 5, A, I, 1, huku umbo fupi likiwa J2, J3 na J4, kama watu wanavyoandika mpaka leo katika ujumbe wa simu kutoka Kunduchi hadi Saadani. Sasa umbo fupi ni jina zima, fupi kwa cheo tu. Anayehofu kwamba tarakimu zitachanganywa na tarehe atazame faili la Kishambaa, lililomo katika hazina hiyohiyo na lenye tarakimu hizo, au la Kimakonde, linalohesabu mpaka 7. Tatizo huzidi kwa kuwa hazina huanza juma la Tanzania Jumatatu na la Kenya Jumapili, kwa hiyo S mbili na T mbili huhama safu mtu avukapo mpaka Horohoro.

Mengine katika hazina yako sawa: kanuni za umoja na wingi ni sahihi, na nukta inayotenga maelfu katika Kiswahili cha Kongo pia.

Saa, kama kawaida, imeachwa: alfajiri, asubuhi na jioni zimo, ila saa moja asubuhi bado huchapwa 7:00. Waliotoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004, katika mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitayarisha kwanza orodha ya istilahi, na nidhamu hiyo ndiyo iliyokosekana hapa, ingawa marekebisho ya herufi za siku ni mistari saba tu ya XML na hazina hutoa toleo jipya mara mbili kwa mwaka.